Kaseti Zinazopiga Mayowe

Nyumbani,
4 Machi

Umepatikana! Mchezo wako umepatikana, mwanangu, ule wa ndoo, tena unachezeka, na mimi mwenyewe nimejiona kwenye televisheni nikitembea!

Sasa ngoja nikusalimie, maana furaha imeniingiza bila hodi. Hujambo mwanangu? Mgongo unaendeleaje? Ulisema kiti cha ofisini kinakuumiza. Waambie wakubadilishie, na wakikataa niandikie majina yao. Sisi huku wazima. Goti langu la kushoto bado linatabiri mvua na kukosea kama redio, lakini halinizuii kwenda ninakotaka. Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Simu inakatika, halafu wewe kwenye simu unasema "sawa Mama, sawa Mama" huku unafanya mambo mengine. Barua utaisoma umekaa.

Haya. Shule ya wasichana ina Mwalimu wa Kompyuta ambaye wewe humjui, alikuja wewe umeshaondoka. Mwanamke mwembamba, miwani, anaongea haraka kama mtu anayekimbilia choo. Siku za mapumziko anazunguka majumbani kuomba kompyuta za zamani, zile za kuchomeka kwenye televisheni kama ile ya marehemu baba yako, pamoja na kaseti zake. Anasema michezo ya zamani inakufa kwa sababu kaseti zinaoza. Kwa hiyo anaisoma kaseti kabla haijaoza, anauhifadhi mchezo, kisha anauweka kwenye mtandao ili mtu yeyote duniani auchukue bure acheze. Wengine hapa wanamwona amepungukiwa kidogo. Mimi nilimpa chai.

Akaniuliza kama nina kaseti yoyote ya kompyuta. Nikamwambia hizo tulizigawa duka la mume wangu Fundi lilipofungwa, zimebaki za nyimbo za harusi. Akasema tuzisikilize hivyo hivyo. Upande wa kwanza harusi, vigelegele, safi. Upande wa pili, mayowe! Kriiii, krrrr, kama ile mashine kubwa ya kufulia pale hospitali siku ilipokatika mkanda. Nikanyoosha mkono nizime. Mwalimu akanidaka mkono.

"Mama, usizime! Huo ni mchezo, kompyuta inausoma kwa sauti hiyo!"

Baba yako, mwanangu! Wewe ulimwambia mchezo ule ni wa humu ndani tu, unaona haya. Ulikuwa kidato cha tatu, kila kitu haya. Akakuitikia. Kumbe mteja akileta kaseti arekodiwe nyimbo, Fundi anamwekea nyimbo upande wa kwanza, na upande wa pili anamtilia mchezo wa binti yake, kimya kimya. Ndiyo nimekumbuka sasa watu walivyokuwa wakija dukani kulalamika, "Fundi, kaseti yako inapiga mayowe," naye anajibu bila kuinua kichwa, "Geuza upande." Kila mtu ana namna yake ya kujisifu. Mimi naongea. Yeye alirekodi.

Basi Mwalimu akachomeka kompyuta yake kwenye televisheni yangu, tukasubiri mayowe yaishe, halafu nikatokea. Mimi! Kimama cha kijani, ndoo kichwani, kinatoka bombani. Nimekumbuka yote. Ile barabara, yule mbwa, yule wa baiskeli, na wale watu wa kusalimia. Kila anayekusalimia lazima ubonyeze kumwitikia, na ukisimama kuitikia maji yanadondoka, na usipoitikia unaandikiwa AIBU pale juu. Nimecheka mpaka nimekaa chini. Na Bi Kimya jirani yetu yumo! Umemweka pale kwenye kona na mdomo wake, akikukamata anaongea mpaka ndoo inabaki nusu. Si unajua mimi na yeye hatusemeshani tangu ule ugomvi wa ukuta aliojenga kwenye ardhi yetu? Basi na kwenye televisheni nampita. Najificha nyuma ya lori, napita. Raha iliyoje!

Tatizo ni moja. Nikifika mlangoni kwetu, picha inaganda. Mwalimu anasema mwisho wa mkanda umekunjamana, hausomeki. Nimesimama mlangoni na ndoo yangu. Lakini tutatafuta. Anaomba pia ruhusa yako autoe mchezo kwa watu wote. Nimemwambia binti yangu si mchoyo, ila nakuandikia kwa heshima tu.

Mtaa mzima nimeshauambia.

Mimi mama yako mzazi, wa kwenye televisheni.


Huku niliko,
19 Machi

Shikamoo Mama,

Barua yako nimeisoma nimekaa kama ulivyotaka, kisha nikasimama, nikaisoma tena. Mgongo haujambo. Kiti hawajabadilisha, na majina siyaandiki, nakujua. Pole na goti. Ile dawa ya kupaka niliyotuma ni yako, usimgawie shangazi.

Mama, kuna jambo sikukuambia. Huku yuko bwana mmoja, mtu mkubwa, anayekusanya kompyuta za zamani. Ana jumba zima limejaa. Mwaka jana kazini nilitaja kwa utani kwamba nikiwa shuleni niliwahi kuunda mchezo. Neno likasafiri, likamfikia. Ameniandikia zaidi ya mara moja. Anasema mchezo wa lugha yetu, wa miaka ile, tena umeundwa na msichana wa shule, hajawahi kuuona popote. Akauliza kama kaseti bado ipo. Nikasema labda moja, nyumbani kwa mama.

Ikipatikana ataiweka kwenye ukumbi wake mkubwa, ndani ya kioo, na taa juu yake, na jina langu ukutani kwa herufi za shaba. Jina langu lote, Mama, pamoja na la Baba.

Sharti lake ni kwamba iwe ya pekee. Kusiwe na nakala nyingine mahali popote. Nami nimeshaweka sahihi.

Kwa hiyo nakuomba. Mshukuru sana Mwalimu, na umwambie afute alichonakili. Asimpe mtu. Kaseti ifunge kwenye kitambaa, iweke pakavu. Mjumbe wa huyo bwana atakuja kuichukua mwezi wa sita. Na tafadhali, Mama, tafadhali, mambo ya ukumbi na shaba usimwambie mtu.

Mwanao,
Vidole


Nyumbani,
2 Aprili

Mwanangu mpenzi, hujambo? Wenzako kazini hawajambo? Hata huyo asiyekubadilishia kiti, msalimie, mimi sina kinyongo na mtu nisiyemjua.

Shaba! Uliweka lile neno la kutomwambia mtu mwishoni kabisa mwa barua, na mimi nilipofika kwenye shaba nilikuwa nimeshatoka nje. Wenzangu wa zamani wa chumba cha kufulia cha hospitali wamejua. Kinyozi amejua. Seremala ameniuliza shaba hiyo ni nene kiasi gani, nikamwambia nene kuliko kichwa chake. Nimewaambia mume wangu fundi wa redio na binti yangu muunda michezo watakaa ukutani kwenye ukumbi wa watu wakubwa, na mimi nimo ndani ya kaseti, kwa hiyo tuko familia nzima. Usiku ule nililala nikitabasamu.

Lakini nilipoamka kuna kitu kikanisumbua, nikasema nikuulize wewe uliyesoma. Hao watu wakija ukumbini, watacheza? Yaani kutakuwa na televisheni pale, na kiti, mtu akae, asubiri mayowe, nitokee, atembee? Nauliza tu. Na nikija mimi, nitaruhusiwa kucheza au nitapanga foleni kama wengine?

Mwalimu sijamwambia afute. Nimemwambia asubiri. Akaniambia, "Mama, mimi nafanya atakavyosema mwenye mchezo." Mtoto wa watu ana adabu. Lakini chai yangu aliiacha nusu.

Nijibu hilo la kucheza.

Mama yako


Huku niliko,
15 Aprili

Shikamoo Mama,

Afya yangu nzuri. Umeniuliza, nami sitakudanganya.

Hawatacheza. Kaseti itakaa kwenye kioo, haitatolewa. Watu watapita, watasoma maandishi, watatazama. Ule mwisho uliokunjamana hata haumsumbui, kwa sababu hatauwasha. Thamani yake ni kwamba hakuna mwingine mwenye kitu hicho. Ndivyo ulimwengu wa wakusanyaji ulivyo.

Najua utapandisha hasira. Kabla hujapandisha nisikilize. Mimi nakaa siku nzima mbele ya kompyuta, Mama, kama nilivyokuwa nakaa dukani kwa Baba, ila huku naingiza madai ya bima ya watu waliovunjikiwa vioo vya magari. Fulani kavunjikiwa kioo cha mbele, fulani cha nyuma. Mkuu wa kitengo bado ananiita "wewe wa dirishani". Wakaja wengine baada yangu, nikawafundisha kazi, wakapanda, mimi nipo pale pale dirishani. Hakuna mtu hata mmoja katika jengo hili anayejua kwamba niliwahi kuunda kitu kutoka kichwani mwangu kikatembea.

Nataka siku moja niwachukue watu wawili watatu wa ofisini, tuingie ukumbini kama watembezi, nisiseme neno, wasome wenyewe. Basi. Naona si kitu kikubwa kukuomba.

Mpe mjumbe kaseti. Nakuomba kama mwanao.

Vidole


Nyumbani,
28 Aprili

Mwanangu,

Salamu utapata mwishoni, leo nimekasirika.

Nimeisoma barua yako nikalia kwa ajili ya hilo dirisha. Nililia kwanza, ujue hivyo. Huyo mkuu wa kitengo angekuwa huku ningemfundisha jina lako silabi kwa silabi, na fimbo mkononi.

Lakini kaseti sitoi.

Ulinitembeza wewe. Ulikuwa unakaa pale kwenye kigoda, daftari la hesabu magotini, unaniangalia nikirudi na ndoo, unaniuliza, "Mama, mkono unaweka wapi? Mama, ukisalimiwa unageuka au unasimama?" Ukanifanya nitembee, nivuje, nione aibu, nisalimie. Sasa huyo bwana anataka nisimame kwenye kioo chini ya taa, nisitembee tena milele. Hiyo kwetu inaitwa kuzikwa, hata kama jeneza ni la kioo. Mimi bado mzima. Sitaki kuzikwa kwenye jumba la mtu ambaye hata kunibonyeza hataki.

Halafu kuna lingine, na hili lisikie vizuri. Umeweka sahihi kwamba kaseti ni ya pekee. Nani alikuambia ni ya pekee? Baba yako alikuwa anaweka mchezo mgongoni mwa kila kaseti iliyopita mikononi mwake. Umesaini jambo lisilo kweli, mwanangu. Hukujua, sikulaumu. Lakini mimi najua, na sitamkabidhi mgeni kaseti huku nikimwangalia usoni kama vile sijui.

Nitazunguka mtaa huu nyumba kwa nyumba. Goti langu lipende lisipende. Mwalimu hataweka kitu mtandaoni bila ruhusa yako, hilo nimemwapisha. Ila hapa mtaani Fundi alishaugawa mchezo mwenyewe kwa mikono yake, na mimi naenda tu kuuliza hali yake.

Haya, hujambo? Kula vizuri.

Mama yako, ambaye hajazikwa


Huku niliko,
20 Mei

Shikamoo Mama,

Sijapata barua yako tangu ile. Simu yako inaita tu. Shangazi anasema uko mzima lakini hushindi nyumbani. Mjumbe ameshaniandikia, anakuja wiki ya kwanza ya mwezi wa sita. Nimempa ramani ya kufika.

Usinifedheheshe, Mama. Nijibu hata mstari mmoja.

Vidole


Nyumbani,
14 Juni

Mwanangu, hujambo huko? Mimi mzima kabisa, goti limevimba kwa heshima, yaani limevimba kwa kazi. Nilikaa kimya kwa sababu sikutaka kukuandikia ahadi. Nilitaka nikuandikie mambo yaliyokwisha kutokea. Sasa yametokea. Kaa.

Nilizunguka. Nabisha hodi, nasalimia, nauliza, "Mna kaseti yoyote inayopiga mayowe?" Seremala akaniambia, "Mama, ninaye mke, ananitosha." Mkewe akamjibu kutoka jikoni mpaka mimi nikaona haya kwa niaba yake. Kaseti walikuwa nayo. Kinyozi alikuwa nayo, ila mwisho wake alirekodi mahubiri juu yake. Yule wa bustani alikuwa nayo zamani, lakini mkanda wote ameutandaza juu ya miche kufukuza ndege. Ndege wanacheza mchezo wako. Nyumba baada ya nyumba, mwanangu, kwenye masanduku, chini ya vitanda, ndani ya redio mbovu. Watu wakaanza kunitafuta wenyewe. "Mama, ile kaseti aliyotuharibia Fundi, ndiyo hiyo mnayoitaka?" Nawaambia hakuiharibu, aliwapa zawadi mkakosa kuijua.

Mwalimu akawa anazisoma jioni moja baada ya nyingine kwenye sebule yangu. Zinafunguka, natembea, nafika mlangoni, naganda. Kila moja mwisho wake una ugonjwa wake. Akasema, "Mama, imebaki nyumba gani?"

Ilibaki moja. Unaijua.

Nilikwenda. Nikabisha.

"Nani?"

"Unajua ni nani, umenichungulia dirishani."

"Nimekuona. Nataka kusikia unavyojitaja."

Nikajitaja. Bi Kimya akafungua mlango robo. Nikamuuliza kama ana kaseti. Akasema anayo, Fundi alimrekodia harusi ya binti yake, na iko kwenye ganda lake, na haijawahi kuguswa na mahubiri wala ndege.

"Naiomba," nikasema.

"Hujaniomba. Umenitangazia."

Nikamwomba vizuri. Rudia kusoma hapo. Mimi, mama yako, nilimwomba yule mwanamke vizuri, nimesimama kwenye kibaraza chake kilichojengwa kwenye ardhi yangu.

Akasema, "Nilijua upande wa pili una mchezo. Fundi aliniambia. Na nilijua nimo. Na nimesikia unavyowasimulia watu kwamba unanipita nyuma ya lori." Kisha akatoka na kaseti mkononi, akafunga mlango wake. "Sitaki kukupa. Nakuja nayo. Nikuone ukimaliza."

Akaja, akakaa kwenye kiti cha baba yako bila kuambiwa. Mayowe yakaisha. Nikatembea. Mbwa nikampita, wa baiskeli nikamwitikia, Bi Kimya nikapita nyuma ya lori huku anaangalia mwenyewe, akaguna. Nikafika mlangoni. Haikuganda! Mlango ukafunguka, pipa la maji lile pale, nyumba yetu ile pale na dirisha lake la bluu. Lakini ndoo haishuki. Nabonyeza hiki, nabonyeza kile, Mwalimu ananiambia jaribu kile kingine, maji yanadondoka, tone, tone, ndoo tupu, rudi mwanzo. Nikarudi. Vile vile. Nikarudi tena. Nikaanza kukusema vibaya wewe, kwamba umeunda mchezo usio na mwisho.

Bi Kimya akasema kutoka kitini, "Ndoo iliyojaa hujishushii mwenyewe kichwani. Unatuliwa. Nani atakutua na wewe humsalimii mtu?"

Nikaanza upya. Safari hii nilipofika kwenye kona nikasimama. Nikamsalimia. Akaongea, akaongea, maji yakaenda nusu nzima, nikavumilia, nikaitikia kila alichosema mpaka akaniachia. Nikafika mlangoni na maji kidogo. Nikasimama. Na kutoka pembeni mwa televisheni kikaja kimama cha pili, kikanyanyua mikono, kikanitua ndoo. Yakaandikwa maneno: UMETULIWA. PUMZIKA, MAMA.

Ni kweli, mwanangu. Miaka yote ile kabla ya ukuta, kila asubuhi, aliyekuwa akinitua ndoo ni Bi Kimya. Wewe kwenye kigoda ulikuwa unaona, mimi nimesahau. Bi Kimya akasema tu, "Mtoto alikuwa na macho," akaomba maji ya kunywa.

Sasa mjumbe. Alikuja kama ulivyosema. Bwana mwenye suti, kasha lenye sponji ndani, na glovu nyeupe mikononi kama mtu wa kupokea kichanga. Nikamkaribisha uani. Akakuta watu. Mimi sikuwaita wote, walijiita wenyewe: seremala, mkewe, kinyozi, wenzangu wa kufulia, wa bustani na kipande cha mkanda wake. Kila mtu kaseti mkononi.

Akasema, "Mama, nimetumwa nichukue kaseti ya pekee."

Nikamwambia, "Karibu. Ipi?"

Kucheka huko! Bi Kimya alicheka mpaka akashika ukuta, ukuta wake mwenyewe. Lakini sikumkejeli mgeni. Nilimkalisha, nikamweleza ukweli wote, kwamba mume wangu alizigawa zamani, kwamba binti yangu hakujua na asilaumiwe, na kwamba kama bosi wake anataka moja ya kuweka kwenye kioo achague anayoipenda, tutampa kwa moyo mweupe. Akapiga simu. Akasikiliza sana, akaongea kidogo. Akavua glovu, akasema kaseti haihitajiki tena.

Nikamwambia kwa kuwa umeshavua glovu, hebu cheza. Akacheza. Hakumsalimia mtu yeyote njia nzima. AIBU ikajaa pale juu mpaka ikakosa nafasi. Akaniambia, "Mama, mchezo huu ni mgumu." Nikamwambia, "Si mgumu, una haraka wewe."

Najua nimekukosesha shaba. Ukitaka kunigombeza, nigombeze. Lakini sikuomba radhi kwa mjumbe na sitaomba kwa yeyote.

Mama yako


Huku niliko,
3 Julai

Shikamoo Mama,

Goti livikwe kitambaa cha moto, na upumzike.

Barua ya yule bwana ilifika kabla ya yako. Mistari mitatu. Ameshukuru na amefunga jambo. Nilikwenda chooni kazini nikalia, nikanawa uso, nikarudi dirishani. Nilikukasirikia, Mama. Bado nina uchungu, sikufichi. Ningependa kuyaona yale maandishi ukutani hata mara moja.

Halafu Mwalimu akaniandikia, kwa adabu hiyo unayoisema. Hakuomba ruhusa. Alinitumia mchezo tu, mzima, kutoka kaseti ya Bi Kimya, akasema, "Huu ni wako, nimekurudishia." Pamoja na programu inayoifanya kompyuta ya siku hizi ijifanye ile ya zamani.

Niliufungua ofisini wakati wa chakula cha mchana. Mama, mbwa aliniua mara mbili. Mbwa niliyemuunda mwenyewe! Mwenzangu wa meza ya pili akasimama nyuma yangu akauliza yale maneno yanasema nini. Nikamtafsiria. Habari za asubuhi. Za watoto. Za tangu juzi. Akasema, "Kwa hiyo mtu anapoteza maji kwa sababu ana adabu?" Nikasema ndiyo. Akasema sogea nijaribu. Wakaja wengine. Wakapanga foleni, Mama, wa madai ya vioo na wa madai ya moto, wakifundishana kuitikia salamu kwa lugha yetu, na kuchekana.

Mkuu wa kitengo akatoka chumbani kwake. "Hapa si mahali pa michezo. Nani kaleta hiki?"

Zamani ningezima. Sijui ni damu yako au nini. Nikamwambia, "Sijakileta, nimekiunda. Na muda wa chakula haujaisha." Nikaendelea kubonyeza. Akasogea karibu na skrini. Kisha akauliza, ilhali hataki nione kwamba anauliza, kwa nini ndoo haishuki. Nikamwambia arudi mwanzo amsalimie yule wa kwenye kona.

Ruhusa hii hapa, msomee Mwalimu neno kwa neno. Autoe kwa kila mtu, bure, popote. Asibadilishe salamu hata moja. Mtu akitaka kucheza, ajifunze kuitikia. Na pale mwanzo aandike umeundwa na mimi, na umesambazwa na Fundi.

Kiti nimekibadilisha. Nilikichukua tu kwenye chumba cha mikutano.

Likizo yangu inaanza mwisho wa mwezi huu.

Mwanao,
Vidole


Nyumbani,
14 Julai

Mwanangu mpenzi, hujambo? Na kiti kipya hakijambo? Hicho usikirudishe, hata wakija na askari.

Nimemsomea Mwalimu ruhusa yako. Nilipofika kwenye "na umesambazwa na Fundi" nikamwachia amalizie mwenyewe. Ameshautoa. Anasema watu wa mbali wameshaanza kuuliza "za tangu juzi" maana yake nini. Waulize, wateseke kidogo. Uchungu wako nimeupokea, sikuambii uutupe. Njoo nao tu, nyumba ina nafasi.

Duka la baba yako nimelifungua. Nimefagia, nimefuta rafu, panya nimewaondoa kwa maneno makali. Mwalimu analeta kompyuta zake zote na michezo mingine aliyookoa, ya watu wengine, kuna mmoja wa kupanga matofali na mwingine wa kuvuka mto ambao hata Mwalimu hajui nani aliuunda. Tumewaambia watu waje na kaseti zao zote, nzima na mbovu, tuzisikilize upande wa pili, maana nani ajuaye mafundi wa mitaa mingine walificha nini. Mwenyekiti wa mtaa amekuja kuniuliza kibali cha mkusanyiko. Nimemwambia kibali ni yeye kuja kucheza, na kama ana kibali kingine zaidi ya hicho akiandike mwenyewe, mimi nina kazi. Yule mjumbe wa glovu naye amepiga simu. Anakuja kwa nauli yake, na amesema amekuwa akifanya mazoezi. Seremala anatengeneza mabenchi. Bi Kimya amesema yeye hapangi foleni kwa mchezo aliomo, na nimemkubalia, kwa leo.

Nimempa kila mtu siku moja na saa moja, asije mtu kusema hakuambiwa. Na wewe usiniletee habari za kutuma salamu. Panda chochote kinachotembea. Saa nne asubuhi mlango wa duka utakuwa wazi na televisheni imewashwa, na tunawategemea wote, na wewe wa kwanza, Jumamosi, tarehe mbili Agosti.

Mama yako mzazi